Nyimbo Zetu Ziwafikie na Viziwi



Mwaka mmoja tawi letu lilikodi bendi kwa sherehe ya Mei Mosi. Tulilipa wapigaji, tukalipa spika, tukalipa na lori la kuzibeba. Bendi ikapiga wimbo unaopendwa sana hapa Kampala, ila vijana wetu walikuwa wameugeuza maneno wakatia habari za mishahara. Watu walicheka mpaka machozi. Kando ya spika alisimama dada mmoja mshonaji, kiziwi, mwanachama anayekatwa ada kila mwezi kama mimi. Ameweka kiganja juu ya sanduku la spika. Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: "Wanacheka nini?" Nikashindwa kumjibu. Mimi nilikuwa katika kamati iliyopanga sherehe ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametaja mkalimani.

Wako wanaosema kiziwi na muziki hawana uhusiano. Si kweli. Simama karibu na engalabi, ile ngoma ndefu ya Waganda, utasikia inakugonga kifuani. Kiziwi naye inamgonga. Mdundo anaupata kwa miguu, kwa mikono na kwa mbavu. Kinachompita ni maneno, na katika nyimbo zetu maneno ndiyo yanayobeba shauri.

Kazi ya kumfikishia maneno hayo ni ngumu kuliko nilivyodhani. Lugha ya Ishara ya Uganda si Kiganda wala Kiingereza kilichohamishiwa mikononi. Ina sarufi yake, na sehemu ya sarufi hiyo iko usoni: nyusi zikipanda, swali, mashavu yakijaa hewa, kitu ni kikubwa. Kwa hiyo mkalimani hafuati neno kwa neno. Fikirini wimbo wa Kiganda ambamo mwimbaji anataja chakula na kila mtu anajua anasema habari za mwanamke. Mkalimani akionyesha chakula peke yake, kiziwi ataona watu wanaimbiwa ndizi. Akionyesha mwanamke waziwazi, utani umekufa. Lazima atafute njia ya kubeba yote mawili, na mwimbaji hamngojei. Ndiyo maana anatakiwa apewe maneno ya wimbo siku kadhaa mapema ayasome. Kiitikio kinaporudi, ishara huongezeka ukubwa. Waimbaji wanaponyamaza na gitaa likabaki peke yake, mwili wa mkalimani huonyesha kuwa sasa ni gitaa.

Viziwi wengine hufanya kazi hii wenyewe, tena vizuri sana. Februari 2023 huko Marekani, Rihanna alipoimba katika fainali ya mpira wao, aliyetoa nyimbo zake kwa ishara alikuwa Justina Miles, naye ni kiziwi. Picha zake zilienea dunia nzima. Lakini kuna jambo ambalo viziwi hulalamikia: mtu anayesikia hujifunza ishara chache, anasimama mbele anacheza, wanaosikia wanampigia makofi, na viziwi wanaomtazama hawaambulii kitu. Huo si ukalimani.

Msidhani haya ni mambo ya starehe tu. Mwaka 1989 Philly Lutaaya alijitokeza hadharani kusema ana UKIMWI, na wimbo wake "Alone" ukawafundisha watu wa nchi hii wasiofikiwa na daktari yeyote. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Redio iliupeleka wimbo ule mpaka vijijini. Redio kwa kiziwi ni sanduku tu.

Nchi yetu haikukosa maneno mazuri juu ya jambo hili. Chama cha Taifa cha Viziwi, UNAD, kiliundwa mwaka 1973. Katiba ya mwaka 1995 iliitaja lugha ya ishara na kuitaka Serikali iiendeleze, na mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2006 ikawataka wenye televisheni waweke ishara au maandishi katika taarifa kubwa ya habari, angalau moja kila siku. Habari, sawa. Lakini uwanjani, kwenye mikutano yetu sisi, Bunge halitatuletea mkalimani. Hilo ni letu, na fedha zake zitoke katika fungu lile lile linalolipa bendi. Na wale ambao bado wanawaita wenzetu "kasiru", kana kwamba kutosikia ni upumbavu, waache mara moja.

Mwaka uliofuata tulikodi wakalimani wawili, maana mmoja hawezi kuendelea mchana kutwa. Mikono huchoka na akili huchoka zaidi. Mara ya kwanza tuliwaweka nyuma ya wapiga ngoma, wasionekane na mtu. Yule dada mshonaji ndiye aliyekuja kuwashika mkono akawaleta mbele, juani, karibu na mwimbaji. Wimbo wa mishahara ulipokwisha nikamwuliza kwa karatasi ameuonaje. Akaandika: "Beti ya pili mmedanganya. Nyongeza haikufika kiasi hicho." Alikuwa na haki, nasi tukairekebisha.

Matawi yanayotaka wakalimani yaulize UNAD, au Chuo Kikuu cha Kyambogo ambako wamekuwa wakifunzwa. Nendeni mapema, na maneno ya nyimbo yawe mkononi.