Kidonda Kilichoachwa Wazi Ili Mguu Upone

TURIANI, chini ya milima ya Nguru mkoani Morogoro, ni nchi ya miwa na mpunga, ya matrekta na pikipiki. Kuvunjika muundi huko si habari ngeni. Linalowashtua jamaa huja baadaye. Jioni walimwacha mgonjwa wao hospitalini akiwa na mguu uliovimba tu. Asubuhi wanamkuta amepasuliwa pande zote mbili, tangu chini ya goti hadi karibu na kifundo, na vidonda havikushonwa.

Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja husema daktari amekosea. Mwingine hutaka mgonjwa arudishwe nyumbani kwa mganga wa mifupa. Ndugu msomaji, jambo hili laweza kukufika hata wewe uliye mjini. Yafaa ujue sababu yake.

VYUMBA VINNE

Misuli ya mguu chini ya goti imo katika vyumba vinne, vilivyozungushiwa utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, damu na maji hujaa humo. Bandeji, plasta ngumu au vibanzi vilivyokazwa mno huzidisha mgandamizo, na damu hushindwa kupita. Misuli ikikosa damu kwa saa 6 hadi 8, sehemu yake kubwa huweza kufa. Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, alieleza jinsi viungo vilivyofungwa bandeji za kubana vilivyokakamaa na kulemaa.

Dalili kubwa ni maumivu yanayozidi kipimo cha jeraha, ambayo huongezeka vidole vinaponyoshwa. Mwenye kungoja mguu upoe na kufa ganzi amechelewa.

Tiba ni kuupasua utando huo ili misuli ipate nafasi. Kukishona kidonda siku ile ile ni kuirudisha misuli kifungoni.

NJIA ZA KUKIFUNGA

Baada ya siku 2 hivi mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, misuli iliyokufa ikaondolewa. Uvimbe ukipungua, kingo hushonwa, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 7.

Kingo zisipokutana, ipo njia iitwayo ya kamba ya kiatu. Uzi wa mpira hupitishwa huku na huko kwenye pini zilizobanwa kandokando ya kidonda, kisha hukazwa kidogo kidogo kila baada ya siku moja au mbili, ngozi ikajivuta yenyewe.

Njia nyingine ni mashine ya kunyonya. Kidonda hujazwa sponji, hufunikwa karatasi laini ya plastiki, na mashine hufyonza majimaji. Mwaka 2014 madaktari wa Ugiriki walizilinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa 50 wenye vidonda 82 vya miguu. Mashine iligharimu kiasi cha euro 135 kwa siku, kamba euro 14. Tena vidonda vya kamba vilifungika mapema zaidi. Kwa hospitali zetu za wilaya, hilo ni funzo zito: si kila kilicho ghali ndicho bora.

Pengo likibaki kubwa, ngozi nyembamba huchukuliwa pajani na kupandikizwa juu ya misuli iliyo safi na nyekundu. Kovu lake huonekana, na ngozi hiyo haina hisia kamili, lakini mguu hubaki.

WAJIBU WA JAMAA

Usimharakishe daktari ashone. Haraka haraka haina baraka. Usifungue bandeji, wala usipake dawa ya majani. Mpelekee mgonjwa maharage, mayai na dagaa, maana nyama mpya ya mwili hujengwa kwa chakula. Uliza namna ya kukiegemeza kifundo kisidondoke, na mazoezi yaanze lini.

Na mwenye plasta nyumbani akilia usiku kuwa inambana, msimwambie avumilie hadi kuche. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.