Chama Kidogo Nacho Huteua Mgombea

Uchaguzi unapokaribia nchini Burundi, macho ya wananchi huelekea kwenye vyama vikubwa. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 26 Januari 2020, chama tawala cha CNDD-FDD kilipokutana Gitega na kumteua Évariste Ndayishimiye agombee urais. Lakini vyama vidogo navyo huwa na mikutano yao mikuu, nayo yafaa kutazamwa.

KAZI YA WAJUMBE

Kwa chama kidogo, mkutano wa uteuzi ni gharama kabla ya kuwa sherehe. Mjumbe wa Muyinga akiitwa Gitega hupita njia ya Karuzi, na nauli ni mzigo. Jina likishapitishwa, kazi ndipo huanza. Katiba ya mwaka 2005 iliweka sharti kwamba mgombea urais adhaminiwe na watu 200, waliochanganywa kwa kujali makabila na jinsia. Chama kikubwa huwapata upesi. Kidogo huwatafuta kilima kwa kilima. Sharti hilo lina hekima, kwani humlazimu mtaka urais kubisha hodi kwa Mhutu na kwa Mtutsi, kwa mwanamume na kwa mwanamke.

MKUBWA WA JANA

Udogo si aibu. UPRONA, chama cha Mwanamfalme Louis Rwagasore, kilipata viti 58 kati ya 64 mwaka 1961. Mwezi Mei 2020 mgombea wake, Gaston Sindimwo, hakufikia asilimia 2 ya kura. FRODEBU, kilichoshinda urais mwaka 1993, nacho kilimsimamisha Léonce Ngendakumana, asifikie hata asilimia 1. Cheo ni dhamana, na ukubwa wa chama vivyo hivyo.

NYUMBANI KWA ASKARI

Ushindi wa mwaka 1993 ulikatizwa kwa bunduki: Rais Melchior Ndadaye aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba, na vita vilivyofuata viliteketeza maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana Katiba ilimkataza mwanajeshi na polisi kuwa mwanachama wa chama chochote. Yeye hulinda mlango wa mkutano, mkubwa au mdogo, kwa nidhamu ile ile.

Mkewe, hata hivyo, ni raia. Akichaguliwa kuwa mjumbe, mumewe asimzuie wala asimtume. Naye asilitumie gwanda la mumewe kuwatisha wapinzani wake. Nyumba inayoheshimu mpaka huo huilinda nchi, na watoto hujifunza humo kwamba aliyeshindwa kwa kura hubaki jirani.