Kasuku: Ndege wa Nchi Nyingi Aliye Hatarini

Mwalimu amkemeapo mwanafunzi kwa kukariri kama kasuku, wote wawili hudhani kwamba ndege huyo hatakosekana kamwe. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu huishi katika misitu ya mvua kuanzia mashariki mwa Ivory Coast, kupitia bonde la Kongo na Uganda, hadi msitu wa Kakamega nchini Kenya. Yawezekanaje basi ndege mwenye maskani mapana hivyo ahesabiwe miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka?

Orodha Nyekundu ya shirika la uhifadhi wa maumbile, IUCN, ina milango kadhaa. Mmoja ni ufinyu wa eneo, lisilofika kilometa za mraba 20,000. Mwingine ni uchache wa ndege wazima, wasiofika 10,000. Kasuku hapiti humo. Aliobakiwa nao ni mlango wa kasi ya kupungua: asilimia 30 katika vizazi vitatu humtia kiumbe katika daraja la kwanza la hatari, asilimia 50 la pili, na 80 la tatu. Kasuku huishi miaka mingi, huchelewa kuzaa, na hutaga katika matundu ya miti mikubwa; vizazi vyake vitatu ni takriban nusu karne. Mchunguzi hulazimika basi kujua idadi ya ndege waliokuwapo kabla yeye mwenyewe hajaanza kazi.

Hapo ndipo penye taabu. Kasuku hupita juu ya vilele vya miti alfajiri na jioni, na usiku hukusanyika kwa mamia katika miti michache. Asimamaye chini ya miti hiyo atadhani msitu mzima umejaa kasuku, kumbe wametoka mbali. Hata hivyo, malalo yaliyohesabiwa zamani yaweza kuhesabiwa tena. Nchini Ghana, malalo matatu yaliyokuwa na ndege kati ya 700 na 1,200 kila moja yalirudiwa baada ya miongo miwili. Walionekana ndege 18. Watafiti hao, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016, walikadiria upungufu wa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992.

Miti ilikuwa imekatwa, ni kweli, lakini ukataji peke yake hauelezi hasara kubwa namna hiyo. Kumbukumbu za biashara halali kati ya mwaka 1975 na 2013 zaonyesha kasuku zaidi ya 1,300,000 walionaswa porini na kuuzwa nchi za nje. Waliokufa kwenye ulimbo, vizimbani na njiani hawamo katika hesabu hiyo.

Lakini si haki kuichukua hesabu ya Ghana na kuitandaza juu ya Kongo yote. Kisiwani Príncipe, kwa mfano, kasuku wangali wengi. Mwaka 2012 ndege huyu aliwekwa katika daraja la kwanza, na ndugu yake wa magharibi, mwenye mkia wa rangi ya damu ya mzee, akatengwa kuwa spishi mbali. Mwaka 2016 wote wawili walipandishwa daraja la pili. Mnamo Januari 2017, chini ya mkataba wa CITES, biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini ilipigwa marufuku. Muda uliopita tangu hapo haujatimiza kizazi kimoja cha kasuku.