Mnana wa Dakatcha na Somo kwa Shule Zetu

Wapo wanaodhani kwamba kuchunguza ndege ni anasa ya wageni wenye darubini. Dhana hiyo haina mashiko.

Katika kaunti ya Kilifi yuko mnana mmoja, mwenye rangi ya manjano na nyeusi, asiyepatikana kwingineko duniani. Wataalamu walimwandika vitabuni mwaka 1913, na kwa Kiingereza akapewa jina la Clarke. Hata hivyo, kwa miaka mia moja wataalamu hao hawakujua anakojenga viota vyake. Siri hiyo ilifichuka mwaka 2013 katika kinamasi cha msimu kwenye msitu wa Dakatcha, kaskazini mwa mto Sabaki, wenyeji waliposhirikiana na shirika la Nature Kenya kumtafuta.

Funzo li wazi: anayeishi jirani na ndege ndiye mlinzi wake wa kwanza. Lakini msitu uo huo hukatwa kwa ajili ya makaa na mashamba ya mananasi. Mzazi mwenye watoto wenye njaa hatashibishwa kwa hotuba. Mizinga ya nyuki, ambao huhitaji miti iliyosimama, ni hoja nzito zaidi.

Nami, nikiwa mwanaisimu, nawaomba walimu wawatoe wanafunzi darasani japo saa moja kwa juma. Wawahesabu ndege, wawaulize wazee majina yao kwa Kigiriama, Kikamba au Kijaluo, kisha wayaandike pamoja na mahali na tarehe. Kamusi huhifadhi neno, haihifadhi ndege. Akitoweka mwenyewe, jina lake hubaki ganda tupu.