Mrija Upindao Kona za Mishipa ya Damu

Mishipa ya damu mwilini mwetu haikunyooka kama bomba la maji. Ule mkubwa utokao moyoni hupinda kama mpini wa mwavuli. Nao ule upandao shingoni kuelekea ubongoni hujikunja nyuma ya jicho mithili ya nyoka. Tabibu atakaye kufika huko bila kupasua kifua wala fuvu hana budi kujiuliza: nitaipitaje kona hii?

Kazi yenyewe ina historia ya ujasiri. Mwaka 1929, mjini Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann, ingawa mkubwa wake alikwisha kumkataza, alijitia ganzi, akasukuma mrija mwembamba wa sentimita 65 katika mshipa wa mkono wake mwenyewe. Kisha akaenda kwa miguu hadi chumba cha eksirei, na picha ikaonyesha kuwa ncha imo moyoni. Utovu huo wa nidhamu sisi hatuusifu; hata hivyo mwaka 1956 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa ajili yake. Mwaka 1964, Charles Dotter wa Portland, Marekani, alimtibu bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Aliupanua mshipa wa pajani kwa mirija, damu ikapita, na mguu ukapona.

Lakini paja lina njia iliyonyooka. Kwa njia za kona ilibidi mrija upewe usukani. Ndani ya ukuta wake hupitishwa nyuzi nyembamba za chuma, zilizofungwa kwenye ncha kwa upande mmoja na kwenye mpini kwa upande wa pili. Daktari akivuta uzi, ncha hugeukia upande ule. Ukuta umesukwa kwa wavu wa chuma ili mkono ukizungusha mpini, ncha nayo izunguke. Tena ni mgumu nyuma na laini mbele, usije ukatoboa mshipa. Mirija ya ubongoni ni myembamba mno, hata chini ya milimita moja. Mingi ya hiyo haina nyuzi za kuvuta, bali hufuata waya wenye ncha iliyopindwa, ambao daktari huuzungusha kwa vidole huku akitazama eksirei.

Faida yake huonekana hasa katika kiharusi kitokanacho na damu iliyoganda. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2015 yalithibitisha kuwa kulitoa donge hilo kwa mrija huwaokoa wengi na ulemavu, iwapo mshipa ulioziba ni mkubwa na kazi ikafanywa mapema. Siku hizi hufanywa kwa kawaida ndani ya muda wa saa 6, na kwa baadhi ya wagonjwa hadi saa 24. Kwa hiyo mama wa nyumbani aonapo uso wa mumewe umekwenda upande, mkono umelegea au maneno hayatamkiki, asisubiri asubuhi, wala asimpe chakula au dawa ya kumeza. Aikumbuke saa dalili zilipoanza, kwani daktari ataiuliza.

Matibabu haya yana hatari zake: mshipa waweza kutoboka, na dawa ya kung'arisha picha yaweza kudhuru figo. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo aseme mapema. Baada ya matibabu, aliyeingiziwa mrija pajani hulazwa chali, mguu umenyooshwa, kwa muda atakaoelekezwa. Damu ikitoka hata baada ya kurudi nyumbani, alale, jamaa akandamize pale kwa nguvu bila kuachia, na mwingine akatafute gari.