Kadi ya mzee haianzii Mount Meru

Utafiti uliofanyika katika vijiji vya wilaya ya Hai, jirani zetu wa Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwapima presha watu zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 na kuendelea. Karibu saba kati ya kila kumi walikutwa nayo, na wengi wao hawakuwa na habari. Presha haiumi. Mtu anaweza kuzunguka nayo Soko la Kilombero hapa Arusha miaka mitano, kikapu mkononi, mpaka siku mdomo unapokwenda upande.

Hesabu ya bima ya mzee inaanzia hapo. Vidonge vya presha au metformini ya sukari kwa mwezi si gharama ya kutisha. Kinachotisha ni visipomezwa: kiharusi na wiki za kulazwa, au figo zinazofeli na kuhitaji kusafishwa, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo mfuko wa bima unaoijua kazi yake haukai kusubiri ankara. Unampangia mwanachama njia: aanzie wapi, apewe dawa zipi, na kipimo gani kiombewe kibali kwanza.

Kwa mkazi wa Ngarenaro njia hiyo inaanzia kituo cha afya kilicho karibu naye. Ikishindikana hapo anapanda ngazi hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, kisha KCMC kule Moshi, na mwisho kabisa Muhimbili. Wazee wengi huliona hili kama kuzungushwa tu. Mazungumzo ya dirishani hayapishani sana:

"Shikamoo bibi. Barua ya rufaa unayo?"

"Marahaba mwanangu. Rufaa ya nini tena, na kadi si hii hapa?"

Bibi ana haki ya kuchoka, lakini barua ile ina kazi. Tabibu wa kituoni ndiye mwenye vipimo vyake vya mwaka mzima kwenye daftari la kliniki: mwezi gani presha ilipanda, dawa gani ilimvimbisha miguu ikabadilishwa. Bingwa anayemwona mara moja bila maelezo hayo anaanza upya. Tena mgonjwa wa presha iliyotulia akiifuata hospitali kubwa, anakaa foleni moja na mwenye uvimbe tumboni aliyesafiri kutoka Longido. Dharura ni habari nyingine. Mtu aliyepooza ghafla haombwi barua, anakimbizwa.

Jambo la pili ni kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo mfuko unalipia, na kwa bei gani. Bei hizo si mambo ya ofisini tu. Machi 1, 2024 hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, zikipinga kitita kipya. Wanachama walijikuta na kadi hai na mlango uliofungwa. Ndiyo maana kabla ya kumpeleka mzazi hospitali yoyote ni vyema kuuliza kama mkataba wake na mfuko bado upo.

Wazee wetu wanaipata vipi kadi? Mtumishi wa umma huchangia asilimia 6 ya mshahara, nusu yake ikitolewa na mwajiri, na akistaafu anaendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake. Wengine wameingia kwa mgongo wa mtoto, mwalimu au muuguzi aliyewaandikisha wazazi kama wategemezi. Hawa wajihadhari: mtoto naye akistaafu, kinga inabaki kwake na kwa mwenza wake. Kwa kaya nyingine ulikuwepo Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018, Sh30,000 kwa mwaka kwa watu wasiozidi sita.

Anayejilipia mwenyewe baada ya miaka 60 hutozwa zaidi ya kijana, na huo si uonevu wa makusudi. Bima ikiandikisha wagonjwa watupu hufilisika. NHIF ilionja hilo kwa Toto Afya Kadi: wazazi walikuwa wakiwakatia watoto kadi wakishaugua, na Machi 2023 mfuko ukasimamisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja. Dawa yake ni kuwaingiza wote, wazima kwa wagonjwa, na hilo ndilo lengo la Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023.

Lakini wazee si wanatibiwa bure? Sera inasema hivyo: mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anasamehewa. Anapata barua ya serikali ya mtaa, anaonana na ustawi wa jamii, anahudumiwa kwenye dirisha la wazee. Tatizo la msamaha, kwa maoni yangu, ni kwamba hauna pesa nyuma yake. Unafuta ada ya kumwona daktari, haujazi rafu ya dawa. Dawa zikiisha, mwenye bima anaandikiwa fomu na kuzichukua kwenye duka la dawa lenye mkataba, na mfuko unalipa. Mzee wa msamaha anaambiwa akanunue. Wote wawili wameonwa na tabibu yuleyule, wote wana presha ileile, na mmoja anarudi nyumbani bila vidonge.

Sheria ya 2023 inajaribu kuziba pengo hilo kwa kuwawekea wasio na uwezo mfuko wao, utakaochota kutoka kwenye kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kwa jinsi baa zinavyojaa jioni mjini hapa, chanzo hakitakauka leo wala kesho. Kazi ngumu ni kule mtaani, kuamua ni mzee yupi hana uwezo: aliye na nyumba ya kurithi isiyo na mpangaji hata mmoja, au yule mwenye watoto watatu Dar es Salaam wasiotuma kitu?