Tusiwatoroke Watoto: Kuwaandaa Wadogo kwa Mabadiliko

Katika Kharumwa na vijiji vingine vya Wilaya ya Nyang'hwale, familia nyingi huishi kwa kilimo na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Habari ya rashi ikisikika, baba huondoka kwenda machimbo mengine, wakati mwingine pamoja na mama, na mtoto huachwa kwa bibi. Januari nayo huja na badiliko lingine: mtoto aliyezoea Kisukuma cha nyumbani anaanza darasa la awali na kukutana na Kiswahili.

Mambo haya sisi wakubwa huyajua mapema, lakini mtoto huwa wa mwisho kuambiwa. Mara nyingi tunamtoroka. Tunasubiri alale, au tunamtuma kwa jirani, na akirudi hatukuti. Tunasema, "Asije akalia." Lakini kilio hicho hakijaondoka, kimeahirishwa tu. Mtoto aliyetorokwa anaweza kuogopa hata kulala, na kung'ang'ania kanga ya bibi kila anapoinuka.

Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016 (na. 263), anafundisha kwamba mtoto ili akue vema anahitaji kuamini kuwa wazazi wake ni watu wa kutegemewa. Bwana wetu mwenyewe hakuondoka kimya kimya. Katika Karamu ya Mwisho aliwaandaa wanafunzi wake na kuwafariji (Yn 14).

Basi tufanye nini?

Kwanza, tumwambie mtoto ukweli kwa maneno machache na kwa kipimo anachokijua. Mtoto wa miaka minne haelewi vizuri "wiki mbili", ila anaelewa "tukishasali Jumapili hii na ile nyingine."

Pili, tumwonyeshe. Apelekwe shuleni kabla ya siku ya kwanza, aone darasa, choo na mahali pa maji, na ajifunze kuviomba kwa Kiswahili. Kama anahamia kwa bibi, alale huko siku kadhaa akiwa na mama.

Tatu, tumwachie kitu kisichobadilika: shuka lake lile lile, na sala ya jioni ile ile, akimtaja baba aliye mbali.

Nne, tumuage akiwa macho, hata kama atalia. Tusiahidi siku ya kurudi tusiyoijua, kwa maana dhahabu haina kalenda. Tuahidi tunaloliweza: "Nitapiga simu Jumapili baada ya misa." Kisha tupige kweli.

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zimtembelee bibi aliyeachiwa wajukuu. Nasi waseminari, tunapozitembelea familia, tusiishie kuzungumza na wakubwa. Tuulize pia: je, mtoto wa nyumba hii ameambiwa kinachokuja?